Mhuri wa Mtu Mwingine

Mjomba wangu alipata jina la Shika katika wiki yake ya kwanza kazini, akiwa na miaka kumi na tisa. Kutwa nzima aliambiwa, "Shika hapa. Shika vizuri. Shika, usitikisike." Kufikia Ijumaa hakuna aliyekumbuka jina lake la nyumbani, na pengine hakuna aliyetaka kulikumbuka. Sisi watu wa ng'ambo ya reli majina yetu yalitutangulia kila mahali. Ukitaja lako tu, karani anainua uso, anakutazama, halafu anakuambia urudi kesho.

Babu zetu waliletwa kutandika ile reli. Ilipokwisha walijenga upande usiokuwa na mtu, wakazaa, wakazikana huko, na miaka sitini baadaye bado tuliitwa wageni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama alikuwa na lake la kuongezea: "Sisi jembe tulipewa siku ya kwanza. Kiti ndicho hatujaonyeshwa hadi leo."

Mama ndiye dada mkubwa wa Shika. Wazazi wao walikufa mapema, kwa hiyo alimlea yeye kwanza, halafu mimi. Tulikaa watatu katika vyumba viwili vya mabati, cherehani ya Mama ikiwa karibu na dirisha. Yeye alikuwa fundi wa nguo na hakuna aliyewahi kumwuliza cheti. Mjomba alipenda kumtania. "Dada, sisi sote tunashona. Ila wewe ukikosea, mteja anachanika suruali mbele za watu. Mimi nikikosea, boila inapasuka."

"Wewe hushoni," Mama alimjibu. "Wewe unashikilia kitambaa."

Ilikuwa kweli, na ndipo kisa chake kinapoanzia.

Kazi ilikuwa kwenye kituo cha kuzalisha umeme kilichokuwa kikipanuliwa nje ya mji. Watu wa ng'ambo waliajiriwa kuchimba, kubeba, na kusugua kutu kwa brashi za waya. Kuchomelea mabomba ya mvuke ilikuwa kazi ya wanachama wa Chama cha mafundi, na kuwa fundi kulikuwa na njia moja tu: uwe mwanagenzi wa Chama kwa miaka minne, kisha ufanye mtihani. Ili uwe mwanagenzi ulitakiwa uwe chini ya miaka ishirini na nane, na wanachama wawili wakusainie kama wadhamini wako.

Hakuna kanuni iliyosema watu wa ng'ambo wasiingie. Haikuhitajika. Mwanachama alimdhamini mwanawe. Wana wakiisha, alimdhamini mpwawe. Wapwa wakiisha, kulikuwa na mkwe. Kwenye ukuta wa ukumbi wa Chama waliandika kwa rangi nyekundu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na mjomba alikuwa akisema kwamba wao wanavyo vidole vyote kumi, sisi ndio chawa.

Walimpanga amsaidie fundi mmoja mwembamba, mpole, aliyekohoa tangu asubuhi hadi saa ya kutoka. Vibarua walimwita Kikohozi, ingawa si mbele yake. Kazi ya mjomba ilikuwa kushika bomba lisisogee wakati Kikohozi akilichomelea. Fundi alikuwa na ngao ya uso yenye kioo cheusi. Msaidizi hakuwa nayo, kwa sababu ngao zilitolewa kwenye dirisha la ghala kwa mwenye kadi ya Chama. Msaidizi aliambiwa tu, "Geuza uso."

Lakini aliyegeuza uso hakujifunza kitu. Mjomba alitaka kujua. Alitaka kuona chuma kinavyoyeyuka na kuwa kama uji, jinsi mkono wa fundi unavyokwenda na kusita, unavyokwenda na kusita. Kwa hiyo alitazama. Alitazama kupitia katikati ya vidole, akafumba, akatazama tena. Jioni alirudi macho yamevimba, mekundu, akisema ni kana kwamba mtu amemmwagia mchanga ndani ya kope. Mama alimlaza chali na kumwekea vitambaa vya maji baridi.

"Kwani wamekukataza kutazama pembeni?"

"Hawajanikataza, dada."

"Basi ni kichwa chako tu."

"Nikitazama pembeni nitashika bomba mpaka nife."

Mimi nilikuwa mtoto mdogo wakati huo, na kazi yangu ilikuwa kuvichovya vile vitambaa majini vikipata joto.

Katika mwaka wa tatu walikuwa nyuma ya boila, mahali pembamba ambapo mtu huingia kwa ubavu. Mikono ya Kikohozi ilikuwa imeanza kutetemeka siku nyingi, na siku hiyo kifua kilimbana hata akashindwa kuendelea. Alijifuta mdomo, akamtazama mjomba kwa muda.

"Mikono yako imetulia?"

"Imetulia, fundi."

"Vaa hii. Mimi nitaangalia kama nyapara anakuja."

Akaivua ngao kichwani mwake na kumvalisha mjomba kama mtu anavyomvalisha mtoto kofia. Mjomba alichomelea bomba lile lote. Alipomaliza, alibomoa magamba yaliyoganda juu yake kwa nyundo ndogo, akapiga brashi, na mshono ukatokea umelala sawasawa, kama ukingo wa mkeka uliosukwa na mtu asiye na haraka. Kikohozi aliinama akautazama. Kisha alitoa mhuri wake mfukoni. Kila fundi alikuwa na mhuri wa chuma wenye namba yake, na alipaswa kuugonga kando ya kila mshono, ili bomba likivuja ijulikane nani wa kuulizwa. Kikohozi aligonga namba yake, kumi na saba, kando ya mshono wa mjomba.

Kwa miaka sita iliyofuata ikawa hivyo. Mishono ya mahali pa wazi, ambapo watu wanapita, aliifanya Kikohozi. Ile migumu, ya juu kichwani na ya nyuma ya kuta, aliifanya mjomba. Hakuna hata mmoja uliovuja. Mafundi wengine walijua, na nyapara alijua pia. Nyapara alikuwa akikohoa kidogo kabla ya kukunja kona, na mjomba aliapa kwamba hakuwa na mafua.

Mjomba alimwomba Kikohozi amsainie alipokuwa na miaka ishirini na minne.

"Mwakani, kijana. Mwaka huu nimemsainia mtoto wa dada yangu."

Mwakani ikafika, akaomba tena. Safari hii Kikohozi alikuwa amemsainia mtoto wa jirani aliyemwuguza mkewe. "Subira huvuta heri," Kikohozi alimwambia.

Mama aliposikia hilo alisimamisha cherehani. "Subira yako itavuta mvi," alisema. "Hiyo heri ndiyo sijui."

Mwishowe, mjomba akiwa na miaka ishirini na saba, Kikohozi alisaini. Aliichukua fomu kwa mikono yake inayotetemeka, akaiweka juu ya pipa, akaandika jina lake polepole. Mjomba alirudi nyumbani amebadilika. Alikula akasahau kwamba amekula, akaomba chakula tena. Kilichobaki kilikuwa saini moja tu.

Aliwafuata wanaume kumi na mmoja. Wote walimjua, wote walikuwa wameonja kazi yake, maana ndiye aliyeitwa bomba likikataa. Mmoja alisema atafikiri. Mmoja alisema kalamu yake haina wino, na mjomba akamtolea yake, na yule akasema hataki kusaini kwa kalamu ya mtu. Wa mwisho alikuwa mtu wa rika lake, mcheshi, aliyekuwa akimwita "shemeji" kwa mzaha. Huyo angalau alimwambia ukweli.

"Wewe ni mtu mzuri, Shika, na kazi unaijua kuliko mimi. Lakini nikikusainia wewe, saa ya chakula nitakaa na nani?"

Fomu ikakaa nyumbani, kwenye droo ya cherehani, na saini yake moja.

Mwaka huohuo Chama kiliitisha mgomo. Ulikuwa mgomo wa haki, mjomba hakuwahi kusema vinginevyo. Mafundi wawili walikuwa wameungua kwa sababu wenye kituo walikataa kuzima mvuke wakati wa kazi. Siku ya kwanza katibu wa Chama alisimama langoni akiwa na kipaza sauti, akawageukia vibarua wa ng'ambo. Aliwaita ndugu zetu, na ilikuwa mara ya kwanza. "Ndugu zetu, msiingie. Mkiingia mmetuvunja mgongo. Tukishinda, hatutawasahau."

Wiki ya pili bwana mmoja kutoka ofisi ya kituo alikuja ng'ambo ya reli, nyumba kwa nyumba. Alikuwa na orodha. Alipofika kwetu alilitamka jina la mjomba lile la nyumbani, tena kwa usahihi, hata Mama akamtazama mara mbili. Alisema wanajua nani alikuwa akifanya mishono ya namba kumi na saba. Alisema kama mjomba akiingia Jumatatu atapewa kazi ya fundi, ngao ya uso, na mhuri wenye namba yake mwenyewe. Si kwa muda wa mgomo tu, alisema. Moja kwa moja.

Alipoondoka, mjomba alikaa kwenye kizingiti. Mama alivuta kiti akakaa nyuma yake.

"Utakwenda?"

"Siendi."

"Niambie sababu, maana mimi siioni."

"Nikiingia leo watasema walifanya vyema kutufungia mlango. Watasema hawa ndio walivyo."

"Na usipoingia watasema nini?"

"Hawatakuwa na la kusema."

"Ndiyo hivyo, mdogo wangu. Hawatasema lolote." Alimtoa uzi uliomganda begani. "Unalinda mlango wa nyumba ambayo hujawahi kukaribishwa kunywa hata maji."

Mimi nilikuwa sakafuni nikikata nyuzi za nguo, na niliona mjomba anavyoufinyafinya mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayemtuliza mnyama. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu nimekua. Hakuna kitu duniani alichokitaka kama kile alicholetewa mlangoni siku ile, na alikikataa kwa ajili ya watu kumi na mmoja ambao hawakuwa na wino.

Jumatatu alikwenda langoni, akasimama nje pamoja na wanachama. Alisimama wiki saba. Vijana kadhaa wa kwetu waliingia, na aliwaona wakipita, nao hawakumtazama.

Chama kilishinda. Mvuke ungezimwa wakati wa kazi, na mambo mengine mengi yalikubaliwa. Mapatano yalibandikwa langoni, watu wakabebana mabegani. Kulikuwa na kifungu kilichosema wanachama wote waliogoma watarudishwa kazini bila kuadhibiwa, na kingine kilichosema wote walioingia wakati wa mgomo wataondolewa. Kwa hiyo wa ng'ambo walioingia walifukuzwa kwa sharti la Chama. Na wa ng'ambo waliokataa kuingia, mjomba akiwa mmoja wao, hawakurudishwa, kwa sababu hawakuwa wanachama na kituo hakikuwa na haja nao tena.

Alikwenda kwa katibu. Katibu alimpokea vizuri, akampa kiti.

"Mlisema hamtatusahau, mzee."

"Hatujawasahau. Lakini mapatano yanasema wanachama, Shika. Mkono wangu umefungwa."

"Nilisimama pale langoni wiki saba."

"Najua. Nilikuona." Katibu alisema hivyo kwa huruma kabisa, na mjomba alituambia kwamba ile huruma ndiyo iliyomwuma zaidi.

Mwezi uliofuata alitimiza miaka ishirini na nane.

Basi akaanza kujitafutia. Aliazima mashine kuukuu ya kuchomelea, akaiweka chini ya kibanda kando ya barabara yetu, akawa anatengeneza mageti, madirisha ya nondo, vitanda, na miguu ya viti vya shule. Ngao nzuri ya uso hakuwa nayo. Alitumia miwani ya jua ya sokoni, kama wanavyofanya mafundi wote wa barabarani, na alijua fika kwamba haizuii kitu. Watoto walikusanyika kutazama cheche, naye aliwafukuza kwa kelele na mawe madogo, yeye mtu asiyefoka kamwe. Nilidhani ni ukali. Baadaye nikaelewa.

Ng'ambo yote walimwita Fundi Shika. Mageti yake yapo mpaka leo. Lakini geti si bomba la mvuke, na alikuwa akisema hivyo mwenyewe, bila kulalamika. "Geti likiachia, mbuzi anatoka."

Kikohozi alikufa mjomba akiwa na miaka arobaini na moja. Kifua kilikuwa kimemmaliza. Tulikwenda mazikoni, mjomba, Mama na mimi, tukasimama nyuma. Watu wa Chama walikuja wengi wakiwa na ovaroli zao zilizopigwa pasi. Yule katibu, sasa mzee, alisimama kusema machache. Alisema marehemu alikuwa fundi wa mafundi. Alisema wakaguzi wa boila walipita katika kile kituo mwaka hadi mwaka, na katika mishono yote yenye namba kumi na saba, ya nyuma ya kuta, ya mahali ambapo binadamu hawezi hata kugeuka, haukuonekana hata mmoja wenye kasoro. Alisema vijana wajifunze kutoka kwake.

Nilimtazama mjomba. Alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza kwa makini, kama mtu anayesomewa barua iliyotoka mbali. Mama alipumua kwa nguvu puani, akataka kusema neno, na mjomba akamshika kiwiko.

"Wacha, dada. Marehemu ana watoto hapa."

Baada ya maziko mjane wa Kikohozi alimfuata mjomba akampa mkono, akaushikilia muda mrefu. Sijui alijua nini.

Miaka mitano baadaye ndipo mambo yalipobadilika. Kulikuwa na kesi, na baraza la kazi likaamua kwamba Chama kimewafungia nje watu wa ng'ambo kwa miaka yote hiyo bila kuandika neno. Kikaamriwa kufuta masharti ya wadhamini, na kuwapa mtihani moja kwa moja wale wenye uzoefu wa kazi, bila kujali umri. Tangazo lilibandikwa stesheni. Mimi ndiye niliyelisoma, nikakimbia nalo kichwani mpaka kibandani kwake.

Alizima mashine. Aliniomba nimsomee tena kutoka mwanzo, na nilipomaliza aliuliza kama nina hakika wameandika "bila kujali umri".

Siku ya mtihani tulikwenda pamoja. Karakana ya Chama ilikuwa na madirisha makubwa na meza za chuma, na walimpa ngao ya uso mpya kabisa. Aliigeuzageuza mikononi. Walimpa vipande viwili vya bomba nene avichomelee, kisha wangekata ule mshono vipande na kuvikunja kwenye mashine. Kikipasuka, umeanguka.

Nilikuwa nimeona kwamba siku hizo aligusa vitu kabla ya kuvishika. Sufuria, kikombe, ukingo wa mlango. Nilifikiri ni uzee unaoanza. Pale karakanani nilimwona anavyopima nafasi kati ya mabomba kwa ncha ya kidole, akainamisha sikio, akawasha. Mkono wake ulikwenda na kusita, ukaenda na kusita. Mkaguzi kijana aliyekuwa ameegemea ukuta aliacha kuegemea.

Walikata vipande vinne. Vyote vinne vilikunjwa mpaka vikawa kama kiatu cha farasi, na hakuna hata kimoja kilichopasuka. Mkaguzi mkubwa alivipitisha kwa wenzake mkono kwa mkono.

"Ulijifunzia wapi, mzee?"

"Kwenye kituo cha umeme," mjomba alisema. "Nilikuwa nashika."

Kilichobaki ni kupimwa afya, chumba cha pili. Muuguzi alimweka mbele ya ubao wa herufi, akamfunika jicho moja. Mjomba alinyamaza. Akamfunika la pili. Akanyamaza. Muuguzi alimsogeza karibu hatua moja, halafu nyingine, mpaka akawa anaweza kuugusa ubao. Daktari alikuja na taa yake ndogo, akatazama ndani kwa muda mrefu, akauliza ni miaka mingapi amekuwa akitazama mwako wa kuchomelea bila kioo.

"Ile ya kituoni au yote?"

"Yote, mzee."

"Tangu nina miaka kumi na tisa."

Daktari alieleza kwamba katikati ya macho yote mawili pameungua, na pakiungua pale hapaponi. Anaona kandokando tu. Kwa sheria za usalama, sheria ambazo Chama chenyewe kilizipigania, mtu wa macho yale haruhusiwi karibu na boila. Fomu ikagongwa mhuri wa kukataliwa.

Tulitoka. Nilitaka kumshika mkono, sikujua kama anataka. Tulipokwenda kidogo alisema, "Waliona lakini, sivyo? Vile vipande."

"Waliviona, mjomba."

"Vyote vinne?"

"Vyote vinne."

Aliuza mashine mwaka huo. Mtihani wa kwanza ulichukua vijana tisa wa ng'ambo, wasichana wawili kati yao, na baadhi walikuwa wakipita kwetu Jumapili. Aliwafundisha kwa maneno. Aliwaambia mwako mzuri unalia kama mafuta yanayokaanga, na ukilia kama kitambaa kinachochanwa, umeinua mkono mno. Lakini wengi hawakudumu. Walipangiwa pembeni, walifichiwa vifaa, walikaa peke yao saa ya chakula. Walibaki wanne. Kila alipoambiwa fulani ameacha, mjomba alibadilisha mazungumzo, akauliza habari za mvua.

Alikufa akiwa na miaka hamsini na mbili, kwa homa ya mapafu, wiki mbili tu kitandani. Karibu na mwisho hakuona kabisa. Mama alimwekea vitambaa vya maji baridi machoni ingawa havikuwa na kazi tena, kwa sababu alimwomba.

Mama na mimi tulikwenda kuandikisha kifo chake. Karani alikuwa kijana mwenye adabu, aliyetupa pole kabla hatujakaa. Aliuliza jina, akaandika. Aliuliza umri. Aliuliza kazi ya marehemu.

"Fundi wa kuchomelea," Mama alisema. "Mabomba ya mvuke."

"Mna cheti chake, mama? Au kadi ya Chama? Siruhusiwi kuandika fundi bila namba."

Mama alimtazama. Nilidhani atamwambia yote, tangu mwanzo, na kwa jinsi alivyovuta pumzi nadhani naye alidhani hivyo. Lakini foleni ilikuwa ndefu nyuma yetu.

"Andika unavyoruhusiwa, mwanangu," alisema.

Karani aliandika kibarua, akageuza karatasi, akatuonyesha mahali pa kusaini.